Mpira wa Shingoni

Nesi alimwambia Teodora kwamba kazi ya kumbadilishia mumewe mpira wa shingoni haizidi nusu saa. Basi Teodora akakaa kwenye benchi nje ya chumba kidogo cha upasuaji, mkoba mapajani, akasubiri. Nusu saa ikapita. Ikapita saa nzima. Saa ya pili ilipokuwa inaelekea ukingoni, mlango ukafunguka akatoka daktari kijana, Dokta Jonathan, kola imelowa jasho, akampita kama vile kwenye benchi lile hakukuwa na mtu.

"Daktari, vipi mgonjwa wangu?"

"Yuko vizuri, mama," alijibu bila kugeuka, akashuka ngazi mbili mbili.

Teodora akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea. Mtu aliyemaliza kazi yake salama, aliwaza, huwa hakimbii hivyo.

Alikuwa mtu wa kushuku tangu usichana wake, na hakuona haya kwa hilo. Pale mtaa wa Pasiansi alipokuwa na kibanda chake cha cherehani, wateja walimjua: akiletewa kitambaa alikinusa, akakivuta kwa pande mbili, akakitoa nje akakitazama juani, ndipo akubali kukikata. Mumewe, Mayala, afisa ugani wa pamba aliyezunguka vijijini kwa pikipiki miaka ishirini na mitatu, alikuwa kinyume chake kabisa. Mayala aliamini kila mtu. Presha ilipomla figo mwaka uliopita, madaktari walimwambia damu yake itasafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, naye akasema, "Sawa, nyie ndio wataalamu." Walipomchomeka mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kulia, ili damu itoke ikapite kwenye mashine na kurudi, alisema vilevile.

Mpira ule ulifanya kazi miezi saba. Baadaye kila alipounganishwa kwenye mashine alianza kutetemeka, meno yakigongana, na joto likipanda hadi macho yanakuwa mekundu. Wakasema mpira umeingiwa na wadudu. Ukatolewa, akalazwa, akachomwa dawa siku kadhaa, na Jumatatu hiyo ndiyo aliyokuwa anawekewa mwingine, safari hii upande wa kushoto. Teodora mwenyewe alisaini fomu ya ridhaa baada ya kumbana Dokta Jonathan kwa kila mstari. Damu kuvuja ni nini? Pafu kutoboka kunatokeaje? Kijana alimjibu yote kwa upole. Ndiyo maana huku kupitwa kwenye benchi kulimkaa rohoni.

Mayala alitolewa kwa kitanda cha magurudumu, shingo imevimba upande wa kushoto kana kwamba kuna embe limefichwa chini ya ngozi, na rangi ya zambarau imeshuka hadi kwenye mtulinga.

"Wamekufanya nini, Baba Justa?" Justa alikuwa binti yao, aliyekuwa chuoni Dodoma.

"Walichoma mara nyingi," Mayala alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mara ya kwanza damu iliruka, nikamsikia yule kijana anasema wamegonga mshipa sio wenyewe. Wakabana hapa muda mrefu. Wakaanza upya. Halafu simu ikaita, nadhani kuna mtu alikuwa anazidiwa wodini, daktari akawa anajibu simu huku anaendelea na mimi."

"Na baada ya hapo?"

"Mama Justa, nilikuwa nimefunikwa uso kwa kitambaa. Ningeona nini?"

Jioni wakampeleka kupigwa picha ya kifua, kuangalia kama mpira umekaa mahali pake. Majibu hayakuja. Teodora alipouliza akaambiwa picha siku hizi zinakaa kwenye kompyuta, daktari ataziona hukohuko.

Kesho yake asubuhi, alipokuwa akipita na chupa ya chai kwenye korido ya nyuma, aliona kitu kilichomsimamisha. Nesi Truphosa, mwanamke mrefu wa makamo kutoka upande wa Mara, alikuwa ameinama juu ya pipa la taka za upasuaji. Alikuwa amevaa glavu nene, mkononi ana koleo refu, anatoa bandeji zenye damu moja moja na kuzitandaza kwenye karatasi.

"Sista, unatafuta nini humo?"

Truphosa alishtuka mpaka koleo likamponyoka. "Kuna kitu kidogo kilidondoka jana, mama. Wewe nenda kampe mgonjwa chai."

"Kitu gani?"

"Nenda, mama. Itapoa."

Teodora akaenda, lakini chai hakuimimina. Mtu hapekui taka zenye damu kwa ajili ya kitu kidogo. Pete? Simu? Au kuna kitu cha mgonjwa wake kilichotupwa ambacho sasa kinatafutwa kabla mwenyewe hajajua?

Saa nne wakaja tena kumchukua Mayala akapigwe picha nyingine. "Ya jana haikutoka vizuri," alisema aliyesukuma kitanda. Safari hii walimpiga kifua, wakampiga na tumbo. Teodora aliuliza tumbo limeingiaje kwenye habari za shingo. Wakamwambia asubiri nje.

Kuanzia hapo mambo yakazidi kuwa ya ajabu. Faili la Mayala, ambalo siku zote lilining'inia miguuni mwa kitanda, likahamia kwenye ofisi ya kiongozi wa wodi na mlango ukafungwa kwa ufunguo. Mchana alisafishwa damu na mpira mpya ukafanya kazi bila shida, lakini Dokta Jonathan alikuja kusimama kando ya mashine mara tatu, anatazama kifua cha mgonjwa. Na Jumatano asubuhi wakahamishwa. Walitolewa katikati ya wodi yenye vitanda ishirini, wakapelekwa kwenye chumba cha watu wawili chenye dirisha linalotazama ziwa na neti mpya isiyo na tundu hata moja. Daktari bingwa mwenyewe, Dokta Chenge, mzee mnene mwenye sauti ya padre, alikuja akampa Mayala mkono.

"Mzee Mayala, tutakuangalia vizuri sana hapa."

"Nashukuru sana, daktari," Mayala alisema, uso umemng'aa.

Teodora hakushukuru. Miezi yote minane waliyokuwa wakija hapo, hakuna daktari bingwa aliyewahi kuijua hata sura yao. "Daktari, kwani kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, mama. Tunamwangalia tu."

"Homa imekwisha, mpira unafanya kazi. Kwa nini msituruhusu tukawa tunakuja siku za mashine kama zamani?"

"Mpaka Jumamosi, mama. Kuwa na subira."

Kwa nini Jumamosi? Dokta Chenge alikuwa ameshageuka.

Mchana huo Mayala alimwambia jambo ambalo kwa kawaida yake angelinyamazia. Moyo ulikuwa unaruka, unasimama kidogo kisha unadunda kwa nguvu. Tena akikunja mguu wa kulia kulikuwa na kitu kinamchoma kwenye kinena, kama mwiba ulio ndani kwa ndani.

"Umewaambia?"

"Nimemwambia yule nesi mrefu. Aliandika."

Teodora akatoka moja kwa moja kumtafuta Truphosa. Alimkuta peke yake kwenye chumba cha dawa.

"Sista, mimi si mtoto. Mmemfanya nini mume wangu?"

Truphosa alitazama mlangoni kwanza, ndipo akamtazama yeye. "Mama Justa, muulize Dokta Chenge."

"Nimemuuliza."

"Muulize tena. Muulize mbele za watu. Usichoke kuuliza."

Teodora aliona huo ni ujeuri. Anamsukumia kwa mkubwa wake ili anawe mikono. Tangu lile pipa la taka alikuwa amekwishaamua moyoni kwamba ubaya wowote uliopo, huyu mwanamke ndiye anayeufukia. Akamwambia, "Mungu anakuona," akaondoka. Truphosa akabaki ameshika kabati la dawa kwa mikono miwili.

Jioni aliwasili Shimba, kaka mkubwa wa Mayala, mkulima wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Teodora akamwamkia, akamweka pembeni, akamsimulia yote. Shimba alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu.

"Wamemchukua figo," alisema.

"Shemeji, figo zake zimekufa zote mbili. Nani anunue figo iliyokufa?"

Shimba akafikiri kidogo. "Basi wamechukua kingine. Picha ya tumbo ni ya nini? Kesho tunaondoka naye. Nyumbani kuna watu wanaojua kutazama."

Teodora alijua watu hao ni akina nani na vibuyu vyao, wala hakuwa na nia ya kumpeleka mumewe huko. Lakini safari yenyewe ilimpa wazo. Katika hospitali moja kule Sengerema alikuwepo binti aitwaye Winnie, mpiga picha za eksirei, ambaye yeye Teodora ndiye aliyemshonea gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi. Winnie asingemficha kitu. "Sawa, shemeji," akasema. "Kesho tunaondoka." Yaliyobaki akayaweka moyoni mwake.

Alhamisi asubuhi Dokta Jonathan alikuwa kwenye chumba cha upasuaji na Truphosa hakuwa na zamu. Nesi aliyekuwepo alikuwa mgeni wodini, hajui hili wala lile. Alishangaa, akabisha kidogo, mwishowe akaleta fomu ya kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Teodora akasaini.

"Mama Justa, tunakimbia nini?" Mayala aliuliza walipokuwa wakimpandisha kwenye gari walilokodi.

"Hatukimbii. Tunakwenda kupiga picha, na kesho asubuhi tutakuwa kwenye mashine yako."

"Si tumepigwa picha mbili?"

"Umeziona?"

Mayala akaingiza mguu wa pili ndani ya gari.

Pale Kigongo foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, malori ya ndizi na mabasi ya Geita yamepangana hadi barabarani. Daraja jipya lilikuwa limeshafika mbali juu ya maji, lakini watu walikuwa bado wanavuka kwa kivuko kama siku zote. Mayala aliketi kiti cha mbele, kichwa amekilaza upande wa kulia, mkono mmoja juu ya kifua. Kila gari lilipopita kwenye tuta, alikunja uso.

Simu ya Teodora ikaita. Namba ngeni.

"Mama Justa? Mimi Truphosa. Nimeambiwa mmeondoka. Mko wapi?"

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Niliinakili kwenye faili. Mama, nisikilize, msiende mbali. Mrudisheni mgonjwa, mimi nita..."

Teodora akakata. Ikaita tena, akakata. Mara ya tatu akaizima kabisa akaitumbukiza kwenye mkoba. Sasa alikuwa na hakika. Kama hawana wanachoficha, nesi asiye na zamu angewaandamaje kwa simu hadi Kigongo? Akainama akamwambia dereva asogee mbele, nafasi imepatikana.

Walivuka, wakashuka Busisi, wakafika Sengerema jua likiwa utosini. Shimba alitaka wapitilize nyumbani. Teodora akamwambia dereva akate kona kuelekea hospitali.

"Shemeji, hatukukubaliana hivi."

"Heshima yako, shemeji, lakini mume ni wangu."

Winnie alipowaona alifurahi, kisha akaiona shingo ya Mayala na furaha ikamtoka. Alimleta daktari wa zamu, daktari akaandika karatasi ya picha, Mayala akasimamishwa mbele ya mashine. Teodora alikataa kungoja nje. Alisimama nyuma ya kioo pamoja na Winnie, akaona mbavu za mumewe zikijitokeza kwenye kompyuta, nyeupe kwenye weusi, na mpira mpya ukiwa umeshuka kutoka shingoni hadi karibu na moyo, umekaa sawa kabisa.

Lakini pembeni mwa mpira kulikuwa na mstari mwingine. Mwembamba kama uzi, mweupe kuliko mfupa. Ulianzia shingoni, ukapita katikati ya kivuli cha moyo, ukaendelea kushuka hadi picha ilipokatika.

Winnie akaenda kuishusha mashine. Akapiga picha ya tumbo. Mstari ulikuwa bado unashuka, kando ya uti wa mgongo, ukaingia nyongani upande wa kulia, na mwisho wake ulikuwa umepinda kama ndoana.

"Ni nini hicho?" Teodora aliuliza.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimesema ni nini?"

"Ni waya. Wakati wa kuweka mpira wanatanguliza waya mwembamba ndani ya mshipa, mpira unapita juu yake kama shanga kwenye uzi, halafu waya unatolewa." Winnie alipitisha kidole juu ya mstari ule. "Huu haukutolewa."

Shimba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe si figo."

Mayala alikuwa bado amesimama mbele ya mashine, kifua wazi, anawangoja wamwambie avae shati. Alitabasamu kupitia kioo. Siku nne Teodora alikuwa akingoja kuthibitisha kwamba hakosei, na sasa amethibitisha, na mumewe ana waya moyoni.

Ndipo akakumbuka simu. Aliiwasha. Zikaingia jumbe saba, zote kutoka namba ile ngeni. Ya kwanza iliomba apokee. Ya nne ilisema: *Nisamehe, nimekatazwa kusema lakini nasema.* Ya mwisho ilikuwa ndefu: *Mama Justa kuna waya ulisahaulika ndani ya mshipa wake siku ya Jumatatu. Jumamosi anakuja mtaalamu kutoka Dar kuutoa. Asitembee, asibebe kitu, asikandwe na mtu kifuani wala tumboni. Hata kama hutarudi kwetu mpeleke hospitali yoyote, si kwa mganga. Truphosa.*

Aliisoma mara mbili, akakaa chini sakafuni pale pale. Watu wote katika jengo lile, aliwaza, na mimi nikamchagua huyu kumshuku.

Hakupoteza muda zaidi. Alimpigia. Truphosa alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Uko wapi, mama?"

"Sengerema, hospitalini. Nimeuona."

"Ashukuriwe Mungu. Mlaze chali. Waombe gari la wagonjwa. Nitampigia Dokta Chenge mimi mwenyewe, na liwalo na liwe."

Walirudi kwa gari la wagonjwa, kivuko kikawapitisha mbele ya malori yote. Teodora ndiye aliyemweleza mumewe, wakiwa katikati ya maji, mkono wake umeushika wa Mayala. Alitegemea alie au akasirike. Mayala alitazama dari ya gari.

"Kwa hiyo ule mwiba ni wa kweli," alisema. "Nilifikiri nimeanza uzee." Kisha akaongeza: "Yule kijana alinijia mara tatu kwenye mashine. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kutubu. Mimi nikamuuliza kama amekula."

Dokta Chenge aliwapokea mlangoni, na safari hii sauti ya padre haikuwepo. Teodora hakumpa nafasi ya kuingia ofisini. Alimuuliza palepale kwenye korido, mbele ya ndugu wa wagonjwa wengine, kama alivyoelekezwa.

"Mlijua lini?"

"Mama, tukakae..."

"Mlijua lini?"

"Jumanne," alisema Dokta Chenge. "Nesi Truphosa alihesabu vifaa Jumatatu, akakosa waya. Dokta Jonathan aliamini ameutupa. Picha ya kwanza iliangaliwa na mtu mwenye haraka, akadhani ni sehemu ya mpira. Ya pili ikaonyesha wazi. Mimi ndiye niliyesema tusiwaambie mpaka mtaalamu afike. Niliona mtaogopa, mtamtoa mgonjwa, mtampeleka kusikofaa."

"Na mkatuficha, tukaogopa, tukamtoa."

Dokta Jonathan alikuwa amesimama nyuma ya mzee huyo, macho chini. Alipoyainua yalikuwa yamejaa machozi. "Mama, niliuachia ule waya nilipopokea simu. Sekunde chache tu. Nilipomaliza kushona sikukumbuka kama niliushika tena. Nilikumbuka nyumbani, nikiwa naoga. Nilitaka kukwambia Jumanne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

Teodora alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa tangu Busisi, makali yote. Akajikuta amesema tu, "Na mimi pia niliogopa, daktari. Tofauti ni kwamba mimi sikujua naogopa nini."

Ijumaa Mayala alisafishwa damu akiwa amelala bila kujongea. Jumamosi alikuja yule mtaalamu, akakaa na Teodora saa nzima kabla ya kugusa mgonjwa, akamchorea kwenye karatasi: angeingia kupitia mshipa wa paja, apeleke kitanzi chembamba mpaka aunase waya mwishoni mwake, auvute taratibu. Angeweza kuukosa. Ungeweza kukwaruza ukuta wa moyo. Teodora aliuliza maswali kumi na sita, akajibiwa kumi na sita. Kisha akakaa kwenye benchi lilelile la Jumatatu, Shimba kando yake amekunja mikono.

Ilichukua dakika arobaini. Waliuleta waya kwenye sahani ya chuma, umejikunja, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Shimba alitaka kuushika, wakamkatalia.

Mayala alipona kidonda cha paja ndani ya wiki moja, na moyo ukaacha kuruka. Lakini mambo mengine hayakunyooka upesi hivyo. Waliporudi kwenye mashine wiki iliyofuata, Truphosa hakuwepo wodini. "Amehamishwa, ni mzunguko wa kawaida," alisema kiongozi wa wodi. Teodora hakuliamini neno *kawaida* hata kidogo. Alizunguka jengo zima akiuliza, hadi alipomkuta kliniki ya watoto, anamning'iniza mtoto kwenye mzani.

"Wamekuadhibu."

"Hakuna aliyesema adhabu," Truphosa alijibu, akiandika uzito kwenye kadi. "Nimeambiwa tu huku kuna upungufu wa watu."

"Sista, nilikufikiria vibaya. Ulipopiga simu nilidhani unatukimbiza. Lile pipa... nilisema moyoni wewe ndiye mwizi."

Truphosa alimrudisha mtoto kwa mama yake, akacheka kwa mara ya kwanza. "Mwizi wa bandeji chafu? Ningekuwa na njaa ya namna gani?" Kisha akaacha kucheka. "Jumatano pale chumba cha dawa nilikuwa karibu nikwambie. Nina watoto wanne, mama. Niliwahesabu kichwani, nikasema muulize daktari. Kosa hilo nalo niandikie."

"Umeniambia Alhamisi."

"Niliiambia simu iliyozimwa."

Usiku ule Mayala aliandika barua kwa mganga mkuu wa hospitali, kwa mwandiko wake wa serikalini, kurasa mbili, akieleza nani alihesabu vifaa, nani alinyamaza, na nani alisema. Teodora aliisoma akaongeza mistari mitatu isiyo ya heshima, Mayala akaifuta miwili. Baada ya mwezi Truphosa alirudishwa wodini. Hakuna aliyewaambia kama ni kwa ajili ya barua, na Teodora aliposhukuru ofisini, karani alimwambia ni mzunguko wa kawaida.

Miezi miwili baadaye uliamuliwa mpango wa kuachana na mipira ya shingoni. Wangemuunganishia Mayala mishipa miwili ya mkono wa kushoto ili mashine ipate damu hapo. Asubuhi ya upasuaji, Dokta Jonathan alikuja akasimama miguuni mwa kitanda. Alikuwa amekonda.

"Mzee, mama. Leo nimepangwa kuwa msaidizi. Mkisema nitoke, natoka, na sitauliza sababu."

Teodora alikuwa tayari kusema atoke. Mayala akamtangulia.

"Abaki."

"Baba Justa!"

"Abaki, Mama Justa. Huyu sasa hawezi kusahau kitu."

Teodora alimtazama kijana kuanzia viatu hadi kofia, bila haraka. "Simu yako iko wapi?"

Dokta Jonathan akaitoa mfukoni, akampa. Teodora aliishika mwenyewe kwa saa moja na nusu, kwenye benchi, ikitetemeka mara kwa mara ndani ya kiganja chake kwa majina ya watu asiowajua. Mlango ulipofunguka, kijana alikuja moja kwa moja mpaka mbele yake, akachuchumaa ili macho yao yalingane. Alimweleza kila hatua. Alimwambia mshipa mmoja ulivuja kidogo wakaushona tena, na kwamba vifaa vimehesabiwa mara mbili, na Truphosa alihesabu mara ya tatu.

Teodora akamrudishia simu, akamshukuru. Kisha akanyanyuka akaenda kumuuliza Truphosa.